Mlangoni pa Kanisa la Skelby

Shahidi wa tatu alipomaliza kutoa ushahidi wake, Hamond Thirlby alikwisha kutambua kwamba amekuja Skelby kukamata waongo, na hapakuwa na mwongo. Jambo hilo lilimkera. Mwongo utambana, atatapatapa, mwishowe atajikwaa kwa maneno yake mwenyewe. Mtu mkweli utambana wapi?

Alikuwa mpelelezi wa Taji katika jimbo zima la York, mwaka wa ishirini na mbili sasa, mtu mrefu mwenye goti bovu na sifa ya kutopepesa macho. Wezi wa kondoo walimwogopa, wenye ngome zao hawakumpenda, naye alijivunia yote mawili. Safari hii baraza la Mfalme lilimpa kazi ambayo wenzake watatu waliikwepa kwa homa za ghafla.

Bwana Aymer, mwenye ngome ya Skelby, alikuwa akidai kiti cha ufalme wa Uingereza. Baba yake alikuwa mwana mkubwa wa mfalme wa zamani, yule aliyefia vitani Ufaransa kabla hajarithi. Hilo halikuwa na ubishi. Hata maadui wa Aymer walikubali kwamba pua ile ni ya ukoo. Ubishi ulikuwa mmoja tu. Je, yule mwana wa mfalme alimwoa Bibi Idonea, mama yake Aymer, kabla Aymer hajazaliwa? Kama alimwoa, basi anayekaa London leo amekalia kiti cha mtu. Kama hakumwoa, Aymer ni mtoto wa nje ya ndoa, na sheria ya Uingereza haimrithishi mtoto wa nje hata kigoda.

Wazee kumi na wawili wa Skelby walikuwa tayari kuapa kwamba ndoa ilifungwa mlangoni pa kanisa, kama ndoa zote zifungwavyo, miaka arobaini na saba iliyopita. Saa tisa alasiri kila mmoja angegonga muhuri wake kwenye ngozi iliyoandikwa dai hilo. Muhuri ukishaingia kwenye nta, hakuna kurudi nyuma. Dai likija kuonekana ni la uongo, Aymer atakatwa kichwa kwa uhaini, na wazee kumi na wawili watanyongwa kwa kiapo cha uongo. Na kule malishoni nyuma ya ngome, wapiga mishale mia tatu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, wakisubiri kengele ya saa tisa waanze safari ya kusini.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Hamond aliwahoji mmoja mmoja katika chumba cha padre, mlango umefungwa, karani wake Alard akiandika.

Wa kwanza alikuwa Adam Garth, mhunzi, mwenye miaka sabini na miwili na mikono kama makasia.

"Uliona kwa macho yako, mzee?"

"Kwa haya haya, bwana mpelelezi. Moja sasa limeniaga, lakini siku ile yalikuwa mazima yote mawili."

"Siku gani?"

"Sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo. Siwezi kuisahau. Juma lile lile tulipandisha kengele kubwa mnarani, kamba ikaponyoka, ikanivunja kidole hiki. Tazama kilivyo. Mganga wa ng'ombe ndiye aliyenifunga, na akanifunga kama ng'ombe."

Wa pili, Hob Tasker, mwezekaji wa mapaa, aliikumbuka siku hiyo kwa sababu alianguka kutoka juu ya ghala akichungulia kanisani. Wa tatu, Sim Fletcher, mchonga mishale, aliikumbuka kwa sababu alikula nyama ya kulungu kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuogopa askari wa msitu. Mmoja alisema mvua ilinyesha. Mwingine alisema jua liliwaka mpaka bia ikapata moto. Kuhusu nguo ya padre walikuwa na rangi tatu watu watatu.

Hapo ndipo Hamond alipokerwa. Alitegemea kwamba Gervase Pole, msimamizi wa ngome, amewafundisha wazee hawa la kusema. Watu waliofundishwa husema neno moja, kwa sauti moja, na mvua yao hunyesha saa moja. Hawa walipingana katika kila dogo na wakakubaliana katika lile kubwa tu: Bibi Idonea alisimama mlangoni pa kanisa, padre mbele yake, mwana wa mfalme kando yake, kisha ikawa karamu.

"Nani alikuuliza kwanza habari hizi?" alimwuliza Sim.

"Bwana Gervase. Alikuja kwangu wakati wa kuvuna. Akaniuliza, 'Sim, unaikumbuka siku Bibi Idonea aliposimama mlangoni pa kanisa na mwana wa mfalme?' Nikamwambia, nitaachaje kuikumbuka? Akaniuliza, 'Na mtu akisimama na mwanamke mlangoni pa kanisa, wanafanya nini?' Nikamwambia, wanaoana, bwana. Hata mtoto anajua."

"Alikupa chochote?"

Sim alijiweka sawa kitini. "Bwana mpelelezi, mimi si mtu wa kupewa. Huyu mtoto ni wetu. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, mshale wake wa kwanza nilimchongea mimi. Akikaa kwenye kile kiti, Skelby yote imekaa. Lakini nisingeapa kitu ambacho sikukiona. Nilimwona Bibi Idonea kama ninavyokuona wewe. Hata nta ilipomdondokea mkononi hakushtuka. Nikasema moyoni, huyu ni mwanamke."

Alard alikuwa ameshaanza kufuta kalamu. Hamond alimwashiria asubiri.

"Nta gani?"

"Ya mshumaa. Alikuwa ameshika mshumaa."

"Na kichwani?"

"Shela jeupe. Mpaka hapa mabegani."

"Pete uliiona ikivishwa?"

Sim alifikiri. "Pete, hapana. Sisi wanaume tulikuwa kule ukutani, upande wa makaburi. Pipa la bia lilikuwa kule."

"Mbona hamkusogea?"

"Ungepita wapi? Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni."

Hamond aliwaita tena wawili wa kwanza, kisha akawaita tisa waliobaki. Kila mmoja alimwuliza maswali matatu yale yale, kwa sauti ile ile ya mtu anayeulizia bei ya shayiri. Alishika nini? Alivaa nini kichwani? Wewe ulisimama wapi? Tisa kati ya kumi na wawili walikumbuka mshumaa. Kumi na mmoja walikumbuka shela. Wote kumi na wawili walikuwa ukutani penye makaburi, na hakuna aliyeona aibu kulisema.

"Ndoa ya ajabu," Alard alisema walipobaki wawili. "Ya kwangu, wajomba zangu walinikanyaga vidole wakigombea kuona pete."

"Na mkeo alikuja amejifunika?"

"Apate wapi kujifunika? Nywele mgongoni, kama wasichana wote."

Hamond alishika fimbo yake. "Twende tukaone kengele," alisema.

Ngazi za mnara zilikuwa sabini na moja, na goti lake lilizihesabu zote. Gervase Pole alimkuta kwenye ngazi ya kwanza. Msimamizi huyu alikuwa mtu mnene, msafi, aliyempenda bwana wake kupita kiasi, na alikuwa ameanza kutokwa jasho.

"Bwana Thirlby, wazee wameshasema. Kengele na ndoa wapi na wapi?"

"Kidole cha Adam Garth kinazijua zote mbili, bwana. Tuulize na kengele."

Kule juu upepo wa milimani ulikuwa ukipenya kila tundu. Hamond alipiga magoti, akiguna, akafuta kinyesi cha njiwa kwenye ukingo wa shaba. Maandishi yalikuwa pale, makubwa, ya mtu aliyejivunia kazi yake: *Nimepandishwa Skelby mwaka wa thelathini na moja*. Ulikuwa mwaka wa thelathini na moja wa utawala wa yule mfalme wa zamani. Hapo aliketi juu ya boriti, akatoa nakala ya madai ya Aymer kifuani. Ndoa, yalisema madai, ilifungwa mwaka wa thelathini. Aymer alizaliwa mwaka wa thelathini na moja, sikukuu ya Mtakatifu Swithun, katikati ya Julai.

Wazee walikuwa sahihi kwa siku na kwa kengele. Mwaka ndio walioukosea. Waliurudisha nyuma mmoja, kwa kuwa ndoa hutangulia mtoto na wao waliamini ile ni ndoa.

Hamond alihesabu kwa vidole kutoka Swithun mpaka Bartholomayo. Akahesabu tena, polepole. Siku arobaini kamili.

Alicheka peke yake mle mnarani, kicheko cha fundi aliyeona msumari umeingia palipotakiwa. Mlangoni pa kanisa wanawake husimama kwa mambo mawili. Husimama kuolewa, na husimama kutolewa arobaini baada ya kujifungua, kichwa kimefunikwa, mshumaa mkononi, mkunga kando, padre akiwapokea tena kanisani. Mambo ya arobaini ni ya wanawake. Mwanamume wa Skelby, au wa York, au wa kokote Uingereza, huenda kusubiri karamu. Hamond mwenyewe mara tatu alikuwa amesimama kwenye ukuta wa namna ile, kikombe mkononi, marehemu mkewe akitolewa arobaini, na ungemwuliza padre alisema nini, angekujibu kwamba bia ilikuwa chungu.

Na sheria ilikuwa imeita mashahidi kumi na wawili, wote wanaume.

Kengele ya saa nane ilimpasua masikio akiwa ngazi ya arobaini. Alibakiwa na saa moja.

"Bibi Idonea yuko wapi?" alimwuliza Gervase chini.

"Anaumwa. Haoni watu."

"Basi mimi si mtu. Mimi ni mpelelezi wa Taji."

Chumba cha Bibi Idonea kilikuwa mwisho wa ukumbi, na mlangoni alikaa kikongwe akisokota sufu. Miguu yake ilikuwa imeziba njia, naye hakuiondoa.

"Nimeambiwa bibi yako anaumwa," Hamond alisema.

"Nani kasema? Gervase? Yeye ndiye anayeumwa, kichwa. Bibi amemaliza nusu bata leo asubuhi, na nusu ya pili anaitolea macho."

"Na wewe ni nani, mama?"

"Sabina. Mkunga. Nusu ya wanaume wenye pinde mle malishoni niliwapiga makofi ya kwanza mimi." Alimtazama goti, kisha uso. "Wewe ndiye unayeuliza uliza?"

"Ndiye. Nina moja la kukuuliza. Sikukuu ya Bartholomayo, mwaka kengele ilipopandishwa, nani alitembea kando ya Bibi Idonea mpaka mlangoni pa kanisa?"

Sufu ilisimama. Kikongwe aliondoa miguu yake.

"Tangu asubuhi mnawauliza walevi wa ukutani," alisema, "na mkunga yupo hapa anasokota. Ingia, baba. Umechelewa, lakini ingia."

Bibi Idonea alikuwa amesimama dirishani, na alibaki amesimama. Alikuwa na miaka sitini na mitano na mgongo wa msichana. Binti wa mtu mwenye ng'ombe wanane na upanga mmoja, lakini Hamond, aliyewahi kuwaona malkia wawili kwa karibu, alijikuta ameinama chini kuliko alivyokusudia.

"Umekuja kuniuliza au kuniambia?" alisema.

"Kukuambia, mama. Nikikosea unisahihishe." Akamweleza mshumaa, shela, kengele na zile siku arobaini.

"Hujakosea."

"Kwa nini basi umenyamaza?"

"Kuhusu nini? Gervase aliniambia wanaandika mambo ya mipaka ya mashamba."

Hapo Hamond alimweleza na yaliyobaki: ngozi, mihuri kumi na miwili, wapiga mishale, shoka. Bibi Idonea alishika kizingiti cha dirisha, akatazama kule malishoni muda mfupi.

"Aymer alipokuwa na miaka saba aliniuliza kama baba yake alinipenda," alisema. "Nikamwambia ndiyo, na ni kweli. Hajaniuliza tena chochote. Alijijibu mwenyewe yaliyobaki. Sabina, lete shela langu jeupe."

"Lile la zamani? Lina matundu, bibi."

"Lile lile."

Kanisani nta ilikuwa imeshayeyushwa. Wazee kumi na wawili walijipanga wamevaa nguo zao za sikukuu, Adam Garth mbele, muhuri wake wa chuma mkononi. Bwana Aymer alisimama kando ya meza, mtu wa miaka arobaini na sita, mabega mapana, ile pua mbele yake kama bendera. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akiamini kila neno, na hicho ndicho kilichomtisha Hamond.

"Bwana mpelelezi," Aymer alisema, "nimesikia umewauliza wazee wangu mpaka umeiuliza na kengele. Umepata mwongo?"

"Sikupata, bwana mkubwa. Nimepata watu kumi na wawili wakweli waliosimama mbali."

"Maana yake nini?"

"Maana yake muulize aliyesimama karibu."

Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Bibi Idonea alisimama pale pale kizingitini, nje kidogo, shela lenye matundu kichwani na mshumaa unawaka mkononi, Sabina kando yake. Wazee waligeuka. Sim Fletcher akavua kofia, ingawa tangu asubuhi alikuwa kanisani nayo.

"Hivi ndivyo mlivyoniona?" Bibi Idonea aliwauliza.

"Hivyo hivyo, bibi," alisema Adam, polepole. "Hivyo hivyo kabisa."

"Sasa sogeeni mwone. Mkono wa kushoto nina nini?"

"Huna kitu, bibi."

"Wala siku ile sikuwa na kitu. Nilikuwa natolewa arobaini. Mtoto mwenyewe yule pale, amesimama kando ya meza."

Gervase alitoka mbele, uso umemwiva. "Bwana wangu, mama ni mtu mzima, miaka imemchanganya..."

"Gervase," Sabina alisema, "wewe nilikutoa ukiwa umetanguliza miguu. Nyamaza."

Hakuna aliyecheka. Aymer alitembea mpaka mlangoni na kusimama mbele ya mama yake, kizingiti katikati yao. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Hakutaka kukuoa?"

"Alitaka. Ulikuwa tumboni, mimba ya miezi saba. Alikuja usiku na padre mmoja wa kukodi, akasema tufunge ndoa katika kikanisa cha ngome, milango imefungwa, baba yake asijue. Pete alikuwa nayo mkononi."

"Na wewe?"

"Nikamwambia mlangoni, mchana, watu wakiona, au tusioane. Mimi si kitu cha kufichwa. Akasema basi, nikirudi kutoka Ufaransa. Akangoja mpaka ukazaliwa, akanisindikiza mpaka hapa mbele za watu wote siku ile, kwa kuwa kwa hilo hakuhitaji ruhusa ya baba yake. Juma lililofuata akaondoka. Hakurudi."

Upepo ulizima mshumaa. Bibi Idonea hakuushusha.

"Kwa hiyo neno moja tu," Aymer alisema. "Ungesema ndiyo usiku ule, ningekuwa mfalme."

"Ungekuwa. Nimelijua hilo kila siku tangu habari za kifo chake zilipofika. Nichukie ukitaka, lakini usiwaapishe wazee hawa ndoa ambayo mimi mwenyewe niliikataa."

Hamond alishika fimbo yake kwa nguvu. Alikuwa ameshaona watu wakiua kwa kizuizi kidogo kuliko hicho, na wale mia tatu walikuwa umbali wa kuitwa.

Lakini mabega ya Aymer yakanyooka, na kwa mara ya kwanza siku ile Hamond aliona kwamba pua ilikuwa ya baba lakini mgongo haukuwa wa baba.

"Adam," alisema bila kugeuka. "Rudisha muhuri mfukoni. Na ninyi wengine. Gervase, nenda malishoni, waambie leo watalala makwao. Wape bia."

"Niwaambie sababu gani, bwana?"

"Waambie mama yangu alishaukataa ufalme kabla sijazaliwa. Siwezi kuokota alichokitupa." Akaichukua ngozi mezani, akaiweka juu ya moto wa nta, na wote wakasikia harufu yake.

Kengele ya mwaka wa thelathini na moja ikagonga saa tisa. Ilipotulia, Hamond aliketi mezani, pale lilipokuwa dai, na kumwashiria Alard achukue ukurasa mpya. Mihuri haikugongwa, hapakuwa na uhaini wa kuandika. Ilibaki taarifa moja fupi kwa baraza.

"Andika," alisema. "Mashahidi kumi na wawili wa Skelby walisema walichokiona, na walikiona. Bibi Idonea, binti wa Robert Thwaite, alitolewa arobaini mlangoni pa kanisa sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo. Hakuolewa na mwana wa mfalme."

Kalamu ya Alard ilifika nukta. Bibi Idonea alikuwa amevuka kizingiti, mkono wake juu ya mkono wa mwanawe, na alisimama mbele ya meza akisubiri, shela lake lenye matundu kichwani.

"Hujamaliza," alisema. "Andika pia kwamba aliombwa."

Alard alimtazama Hamond.

"Andika," Hamond alisema.

"Aliombwa," Bibi Idonea alirudia taratibu, ili karani asiruke neno, "akakataa."